Mlima Ulio Nyuma ya Nyumba: Matembezi katika Milima ya Kobe

Wahenga walisema ya kwamba milima haikutani, binadamu hukutana. Katika mji wa Kobe, nchini Japani, methali hiyo imepata nyongeza yake: huko binadamu hukutana mlimani. Kabla jua halijachomoza, wazee kwa vijana hutoka majumbani mwao wakiwa wamevaa viatu vya kutembelea na kushika fimbo mkononi. Hupanda mlima, humwamkia kila wanayempita njiani, hutweta kidogo juu ya kilima, kisha huteremka kwenda kunywa chai na kuanza kazi za siku. Wala hawafanyi hivyo kwa sikukuu tu. Wako wanaofanya hivyo kila siku iendayo kwa Mungu, mvua inyeshe au jua liwake.

Juma hili ukurasa wetu unawachukua kwa mawazo mpaka kwenye milima hiyo. Tumeichagua kwa sababu mbili. Kwanza, ni milima mizuri ya kutembea, nayo haimtaki mtu awe na mali nyingi wala nguvu za simba. Pili, milima hiyo ina kisa chake na mji ulio chini yake, kisa cha kosa, adhabu na toba, ambacho baba na mama wa nyumba yoyote wanaweza kukisimulia watoto wao jioni.

MJI KATI YA BAHARI NA MLIMA

Kobe ni mji mkuu wa mkoa wa Hyogo, katika kisiwa kikubwa cha Honshu. Una wakazi wapatao milioni moja na nusu. Kusini mwake iko bahari na bandari, ambayo ilifunguliwa kwa biashara ya mataifa ya nje mwaka 1868. Kaskazini mwake imesimama safu ya milima iitwayo Rokko, iliyolala kutoka magharibi hadi mashariki kama ng'ombe aliyepumzika. Katikati ya bahari na mlima umebaki ukanda mwembamba wa nchi, na katika ukanda huo ndimo mji ulimobanwa.

Kwa hiyo watu wa Kobe hawana haja ya dira. Ukiuliza njia, utaambiwa duka liko upande wa mlima wa barabara, au upande wa bahari. Mgeni husikia maneno hayo kwa mshangao siku ya kwanza, na siku ya tatu naye anayasema.

Kilele cha juu cha safu hiyo kina mita 931. Msomaji aliyezaliwa chini ya mlima mkubwa atacheka, aseme hicho ni kilima tu. Asicheke upesi. Mtu wa Kobe huanza kupanda karibu na usawa wa bahari, kwa hiyo kila mita ya mlima anaipanda kwa miguu yake mwenyewe. Isitoshe, mlima huo hauko mbali na watu. Unashuka katika gari moshi, unapita nyuma ya stesheni, na baada ya dakika chache nyumba zimekwisha, unasikia ndege na maji.

Mwili wa milima hiyo ni mawe ya itale, yale mawe magumu yenye chembechembe za kumetameta. Zamani mawe hayo yalichongwa na kupakiwa melini katika kijiji cha pwani kilichoitwa Mikage, na hata leo Wajapani huliita jiwe la itale kwa jina la Mikage, popote litokapo. Lakini jiwe hilo, pamoja na ugumu wake, lina udhaifu mmoja. Likikaa miaka na miaka chini ya jua na mvua, huoza na kuwa mchanga mnene unaoteleza. Msomaji alikumbuke jambo hilo, maana ndilo chanzo cha kisa chetu.

MLIMA ULIOVULIWA NGUO

Kwa karne nyingi watu wa mabondeni walikata miti ya Rokko kwa ajili ya kuni na kujengea nyumba, wakachukua na mawe. Hakuna aliyekata msitu wote. Kila mmoja alikata mzigo wake, akaenda zake. Mwishowe mlima ukabaki uchi. Mwaka 1881 kijana mmoja aitwaye Tomitaro Makino, ambaye baadaye alikuja kuwa bingwa mkubwa wa elimu ya mimea katika Japani, alikuwa akisafiri kwa meli kuja Kobe. Alipoutazama mlima kutoka baharini aliuona mweupe, akadhani umefunikwa na theluji. Haikuwa theluji. Ulikuwa ni mchanga mtupu wa mlima usio na miti.

Mlima usio na miti hauwezi kuzuia maji. Kila mvua kubwa iliponyesha, mchanga uliporomoka, mito ikajaa, na mji ukaingiliwa. Ndipo wakuu wa mji walipozinduka. Mwaka 1902 walianza kupanda miti katika mlima wa Futatabi, ulio juu ya mabonde yaliyouletea mji maji ya kunywa. Mtaalamu wa misitu, Seiroku Honda, alitoa shauri lake. Wafanyakazi walichimba ngazi katika mteremko, moja juu ya nyingine, ili mchanga upate mahali pa kushika, kisha wakapanda miche ya misonobari na miti mingine yenye kustahimili udongo maskini. Haikuwa kazi ya mwaka mmoja. Aliyepanda mche wakati ule hakuketi kivulini mwake. Alimpandia mjukuu wake.

Lakini deni la miaka mingi halilipwi kwa siku chache. Mwezi wa Julai 1938 mvua ilinyesha kwa siku tatu mfululizo, zaidi ya milimita 460. Mlima ukaachia mchanga, mawe na magogo. Mto Ikuta ulikuwa umefunikwa chini ya barabara ili mji upate nafasi. Sasa mdomo wake ukazibwa na takataka za mlimani, na maji yakatafuta njia yake juu ya mitaa. Zaidi ya watu 600 walipoteza maisha. Tangu hapo serikali ya nchi yenyewe ilishika kazi ya kujenga kuta za kuzuia mchanga katika mabonde ya Rokko, na leo kuta hizo ni mamia. Mwaka 1967 mvua kubwa ilirudi tena mwezi wa Julai. Ilileta msiba, na watu karibu mia moja walikufa, lakini maafa hayakufikia yale ya mwaka 1938. Kuta na miti vilikuwa vimeanza kulipa.

Kisha likaja pigo la namna nyingine. Tarehe 17 Januari 1995, saa kumi na moja na dakika 46 alfajiri, watu wengi wakiwa bado usingizini, ardhi ilitetemeka. Zaidi ya watu 6,400 walifariki katika Kobe na miji jirani. Wapimaji wa ardhi walipoupima mlima baadaye, waliona kilele cha Rokko kimeinuka kwa sentimita 12 hivi. Miteremko mingi ililegea, na baada ya hapo ulianzishwa mpango wa kuhifadhi ukanda wa miti chini ya mlima, upande unaoukabili mji, ili nyumba zisizidi kuupanda na mchanga usizidi kushuka.

Hiki ndicho kisa chenyewe, ndugu msomaji. Leo ukitazama kutoka bandarini unaona kijani tupu, na mgeni hudhani Mungu aliuumba mlima hivyo hivyo. Kumbe kijani kile kimeshikiliwa na mikono ya watu.

WATEMBEZI WA ASUBUHI

Miongoni mwa watu wa kwanza kuipenda milima hiyo kwa ajili ya matembezi tu walikuwa wafanyabiashara wa kigeni wa bandarini. Mmoja wao, Mwingereza Arthur Hesketh Groom, alijenga nyumba ya mapumziko juu ya Rokko mwaka 1895. Yeye na rafiki zake walitengeneza uwanja mdogo wa gofu huko juu, na mwaka 1903 chama chao kikafunguliwa rasmi, kikawa chama cha kwanza cha gofu nchini Japani. Wageni wengine walikuwa na desturi ya kupanda mlima wa Futatabi asubuhi kabla ya kufungua ofisi zao, na kutia sahihi zao katika daftari lililowekwa njiani.

Wenyeji walitazama, wakaona ni jambo jema, wakalifanya lao. Na walipolifanya lao, walilifanya kwa nidhamu. Mpaka leo katika milima ya Kobe viko vikundi vya watu wapandao kila siku. Mlimani kuna mahali pa kutia sahihi, na kila kupanda huhesabiwa. Wapo waliopanda mara elfu moja, na wapo waliotimiza mara elfu kumi. Hebu tuhesabu pamoja: mtu apandaye kila siku, asikose hata siku moja, huhitaji zaidi ya miaka 27 kufikia elfu kumi. Mtu wa namna hiyo hakufanya jambo la ajabu hata siku moja. Alipanda kilima kidogo, akateremka. Ajabu yake ni kwamba kesho yake alirudi.

Askari anayesoma ukurasa huu atalielewa jambo hilo haraka kuliko wengine. Gwaride la siku moja halimfanyi mtu kuwa askari. Kadhalika, kutembea siku moja mpaka miguu ikavimba hakumletei mtu afya. Wengi wa watembezi wa Kobe ni wastaafu. Badala ya kukaa kitini wakisubiri uzee uwakute, huutangulia mlimani. Huko hupata hewa, huonana na wenzao, na mmoja akikosekana siku mbili tatu, wenzake huulizana kulikoni.

NJIA NNE ZA KUPITA

Njia ya kwanza inawafaa mama, watoto na mwenye magoti mabovu. Nyuma ya stesheni ya Shin-Kobe, mahali zinaposimama gari moshi za mwendo wa kasi, kuna kijia kiendacho maporomoko ya Nunobiki. Mwendo wake ni kama robo saa. Maporomoko ni manne, na lililo kubwa huanguka mita 43, jeupe kama kitambaa kilichoanikwa. Na kweli jina la Nunobiki lina maana ya kutandaza nguo. Ukiendelea kidogo utafika kwenye bwawa lililojengwa mwaka 1900, lenye ukuta wa zege wa kimo cha mita 33, la kwanza la namna yake katika Japani. Maji ya Kobe yalisifiwa na mabaharia kwamba huvuka ikweta bila kuharibika.

Njia ya pili ni mlima wa Maya, wenye mita 702. Jina lake ni la mama yake Buddha, na hekalu la huko linamtukuza yeye; ndiyo maana akina mama waja wazito na wenye kutaka watoto walilizuru tangu zamani. Hekalu la kale liliteketea kwa moto mwaka 1976, likajengwa upya mahali pengine juu ya mlima. Mwenye nguvu hupanda kwa miguu, na mchovu hupanda gari livutwalo kwa kamba ya chuma, lililoanza kazi mwaka 1925. Juu yake pana uwanda uitwao Kikuseidai, maana yake jukwaa la kuchotea nyota. Usiku taa za mji na bandari huonekana chini kama makaa yaliyomwagwa, na Wajapani huihesabu miongoni mwa mandhari tatu bora za usiku nchini mwao, pamoja na zile za Hakodate na Nagasaki.

Njia ya tatu ni ya siku nzima. Unaanzia mji jirani wa Ashiya, unapita penye majabali ambapo chama cha wapanda miamba kilichoundwa mwaka 1924 kilijifunzia kazi yake, unafika kilele cha Rokko, kisha unateremkia upande wa pili mpaka Arima. Inasemekana hii ndiyo njia waliyoipita wachuuzi wa samaki zamani, wakikimbiza samaki wa pwani wasije wakaoza kabla ya kufika. Arima kuna chemchemi za maji ya moto tangu kale. Mengine ni meupe, na mengine yana chuma na chumvi, hata yakipigwa na hewa hugeuka rangi ya kutu. Mtembezi hutia mwili wake humo, na uchovu wote ukayeyuka.

Njia ya nne ni ya mashujaa. Inaanzia ufukweni Suma, upande wa magharibi, inafuata mgongo wa safu yote mpaka mji wa Takarazuka mashariki, kilomita 56 kwa hesabu ya wenye mji. Tangu mwaka 1975 halmashauri ya mji imekuwa ikiwaita wananchi kuitembea njia hiyo kwa siku moja, wakati wa majira ya kupukutika majani. Huondoka alfajiri na mapema, na wengi hufika giza likiwa limeingia, kila mmoja na taa yake. Mwanzoni mwa njia kuna mahali pembamba paitwapo Mgongo wa Farasi, ambapo mchanga mweupe na miamba iko wazi pande zote mbili. Pale mtembezi huona kwa macho yake jinsi mlima mzima ulivyokuwa kabla haujavikwa miti.

Njia hiyo ilimlea Buntaro Kato, mfanyakazi wa karakana ya meli, aliyezaliwa mwaka 1905. Husimuliwa kwamba aliitembea yote akarudi na nyumbani kwa miguu siku ile ile. Alisifika nchi nzima kwa kupanda milima ya theluji peke yake. Mwezi wa Januari 1936, akiwa na mwenzake katika milima mirefu ya kati ya Japani, dhoruba iliwakuta, wasirudi. Alikuwa na miaka 30. Tunamtaja si kwa kutisha watu, bali kukumbusha kwamba mlima haujui cheo wala sifa.

MFUKO WA MTEMBEZI

Mama wa nyumba wa Kijapani amwandaliapo mumewe au watoto safari ya mlimani, hafungi vyakula vya karamu. Huchukua wali uliopikwa ukashikana, akaufinyanga kwa viganja vilivyolowa maji ya chumvi, akatia katikati tunda dogo la ugwadu lililokaa katika chumvi, au kipande cha samaki, kisha akauzungushia mwani mkavu. Ugwadu ule na chumvi ile huzuia wali usiharibike upesi, na humrudishia mtembezi chumvi aliyoitoa kwa jasho. Huongeza chupa ya chai au maji, taulo dogo, nguo moja ya kuvaa juu, koti la mvua na mfuko mtupu.

Nguo ya juu ni kwa sababu kileleni huwa baridi kuliko mjini kwa digrii tano au sita. Koti la mvua ni kwa sababu mwezi wa Juni na mwanzo wa Julai ni majira ya mvua, na baadaye huja tufani. Wakati huo mabonde ya Rokko si mahali pa kwenda. Mtu mwenye busara husubiri. Mfuko mtupu ni wa takataka. Kila alichopanda nacho mtu, hushuka nacho, hata ganda la yai.

Iko sheria nyingine. Milima hiyo ina nguruwe mwitu wengi, na wengine wamezoea kushuka mpaka mitaani kutafuta chakula. Watu walipowalisha kwa kuwahurumia, wanyama walipoteza hofu, wakaanza kunyang'anya mifuko na kuwaumiza watu. Mwaka 2002 mji ulitunga sheria ndogo ya kukataza kuwalisha. Mtoto hufundishwa hivi: ukimwona nguruwe, usikimbie, usipige kelele, usimwonyeshe chakula, ondoka polepole.

Ama ukienda mwezi wa Juni, siku isiyo na mvua kubwa, utaona njia zimepambwa kwa maua ya buluu yaitwayo ajisai, ambayo ndiyo maua ya mji wa Kobe. Aina moja ya maua hayo, iliyokuwa imeandikwa vitabuni na wataalamu wa zamani, haikuonekana kwa muda mrefu, hata watu wakadhani imekwisha duniani. Mwaka 1959 ilionekana tena ikiota Rokko. Mlima uliovuliwa nguo zote ulikuwa umeficha ua moja mfukoni.

NENO LA MWISHO

Ndugu msomaji, si kila mmoja wetu atafika Kobe. Lakini wako wengi wenye kilima nyuma ya nyumba zao au nyuma ya kambi, na wamekizoea mno hata hawakioni. Watu wa Kobe hawakuupenda mlima wao kwa kuwa ni mrefu, maana si mrefu. Waliupenda baada ya kujifunza, kwa machozi ya mwaka 1938, kwamba anayeishi chini ya mlima yuko mikononi mwake, na mlima nao uko mikononi mwake yeye. Mzigo mmoja wa kuni haukuumaliza msitu wao, na mche mmoja haukuurudisha. Yote mawili yalifanywa kidogo kidogo, na watu wa kawaida.

Basi Jumapili ijayo, kazi zikikuruhusu, mshike mwanao mkono, mpande kilima hicho taratibu. Mwonyesheni maji yanakotoka na yanakokwenda. Mkikuta mche umekanyagwa, uinueni. Na Jumapili itakayofuata, rudini.